Breki za laki tano

Kijana wa jirani yetu ana Subaru Impreza WRX ya miaka ya mwanzo ya 2000, rimu za inchi 16, diski za mbele za milimita 294. Ana pia shilingi laki tano za Kenya alizodunduliza mwaka mzima. Jumapili moja jioni alinijia barazani akanionesha picha kwenye simu: kalipa nyekundu zenye pistoni nyingi, diski zilizochorwa mifereji, seti nzima ya mbele, bei dola 4,000. "Mzee, nikifunga hizi gari litasimama palepale, si ndiyo?"

Sikumjibu haraka, kwa sababu swali lake lina maswali mawili ndani yake, na kila moja lina bei yake. Nilichukua daftari tukakaa. Ninachoandika hapa ni hesabu ile ile, nimeipanga vizuri zaidi kidogo.

Breki haiui mwendo. Inaugeuza kuwa joto, basi. Gari lake likiwa na dereva na mafuta lina uzito wa kilo 1,500 hivi. Likienda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 579. Likifika 160, wengi hudhani mzigo umeongezeka kwa asilimia 60, kumbe umefika kilojuli 1,481, mara mbili na nusu ya ule wa kwanza. Kwenye 200 ni kilojuli 2,315, yaani mara nne kamili, maana nishati hupanda kwa mraba wa kasi. Kila anayeongeza turbo na kusahau breki angeanza na mstari huu mmoja wa hesabu.

Sasa weka muda. Gari likisimama kwa nguvu yote ambayo tairi nzuri huweza kushika kwenye lami kavu, kutoka kilomita 100 litatumia sekunde 2.8 na mita 39. Kilojuli 579 ndani ya sekunde 2.8 ni wastani wa kilowati 204, sawa na nguvu farasi 278. Impreza WRX STI ya soko la Japani ya miaka ile iliandikwa nguvu farasi 280. Kwa hiyo breki za kawaida kabisa, kwenye kituo kimoja cha dharura kutoka kilomita 100, zinafanya kazi sawa na injini ya STI iliyokanyagwa mpaka mwisho. Kutoka 160 zinafanya kazi ya nguvu farasi 444. Hakuna sehemu ya gari yenye nguvu kuliko breki, na ndiyo sehemu tunayoikumbuka ikianza kulia.

Nirudi kwenye swali la kijana. Je, gari litasimama karibu zaidi? Kwa kituo cha kwanza, breki zikiwa baridi, jibu ni hapana, au tofauti ni ndogo mno. Kipimo chake ni rahisi. Tafuta mahali pa wazi pasipo na watu, kanyaga kwa nguvu. Ukisikia ABS inagonga mguuni, ujue breki zako tayari zina nguvu kuliko tairi zinavyoweza kushika. Kuanzia hapo, hata ufunge kalipa yenye pistoni nane, anayeamua ni tairi.

Na tairi zinaamua kwa kiasi cha kutisha. Tairi inayoshika vizuri husimamisha gari kutoka kilomita 100 kwa mita 39. Ukiwa na tairi iliyokauka au ya bei ya chini, yenye mshiko wa asilimia 80 ya ile, gari litasimama mita 49. Mita kumi zinasikika kama kitu kidogo. Lakini hebu yaweke magari mawili sambamba, yakanyage breki pamoja. Wakati lile la kwanza limeshatulia tuli, la pili linapita ubavuni mwake likiwa bado na kasi ya kilomita 45 kwa saa. Kasi hiyo inaweza kumuua mtoto anayevuka barabara. Gari la kijana lilikuwa na tairi za miaka saba; nilizisoma tarehe ubavuni kwa tochi ya simu, na mpira ulikuwa mgumu kama kandambili iliyoachwa juani.

Swali la pili, lile asilolijua kwamba analiuliza, ni hili: je, gari litasimama vilevile mara ya tano, mara ya kumi? Hapo ndipo seti kubwa ya breki inapolipa fedha yake.

Gari likifunga breki, uzito hulalia mbele, na magurudumu ya mbele hubeba takribani robo tatu ya kazi. Kutoka kilomita 160, kila diski ya mbele inapokea kilojuli 555. Chuma cha diski hupanda digrii moja kwa kila kilojuli 0.46 kwa kilo. Tuchukue diski ya kilo 7, ya kadiri ya ile ya milimita 294: kituo kimoja kinaipandisha digrii 172. Tuchukue nyingine ya kilo 10, ya kadiri ya milimita 326 kama zilizokuwa mbele kwenye STI yenye kalipa za Brembo: kituo kile kile kinaipandisha digrii 121. Kwenye kituo cha kwanza dereva hahisi chochote. Rudia mara tatu bila nafasi ya kupoa, ukianzia digrii 60: diski ndogo imefika 576, kubwa ipo 423. Pedi nyingi za mtaani huanza kupoteza msuguano kwenye digrii mia tatu na kitu. Ile ndogo imeupita mpaka huo kwenye kituo cha pili. Ile kubwa imeuvuka pia kwenye cha tatu, lakini kwa pedi zinazovumilia digrii 500 bado iko kazini, na ile ndogo hata kwa pedi hizo imeshazidiwa.

Kwa hiyo ukiuliza dola 4,000 zinanunua nini, zinanunua kilo za chuma cha kuhifadhi joto, matundu mapana ya kulipulizia nje, na eneo kubwa la pedi. Mkono wa nyenzo nao huongezeka: kutoka milimita 294 kwenda 326 nguvu ya kuzuia gurudumu inapanda kama sehemu moja ya kumi kwa mguu ule ule. Ni vitu vya kweli. Lakini ni vitu vya mtu anayezunguka kiwanja cha mashindano, au anayeteremka mlima kwa fujo.

Historia inasema hivyo hivyo. Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski Uingereza mwaka 1902, na kwa nusu karne dunia iliendelea na ngoma. Mwaka 1953 Jaguar walipeleka C-Type zenye diski za Dunlop kwenye saa 24 za Le Mans, wakashinda kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea pale. Breki za ngoma za wapinzani hazikuwa mbaya zikiwa baridi. Zilichoka. Za Jaguar ziliendelea kushika usiku kucha, mzunguko baada ya mzunguko, na dereva aliyeziamini alichelewa kukanyaga kwa mita nyingi zaidi kuliko aliyeogopa zake. Brembo, ambayo jina lake limekuwa kama ndoto kwa vijana wetu, ilianzishwa karibu na Bergamo, Italia, mwaka 1961, na mwaka 1975 ikaanza kuwapa Ferrari breki za Formula 1. Sifa yake nayo ilijengwa kwenye kituo cha mia moja.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa kuna jambo linalonikera kila ninaposikia ajali imetokea mteremkoni.

Huku kwetu hakuna viwanja vingi vya mashindano, lakini tuna mteremko wa Mai Mahiu. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 za kimo, dunia inalipa kilojuli 1,471. Zilinganishe na zile 1,481 za kusimama kutoka kilomita 160. Ni kitu kile kile! Ukishuka mita 400 za kimo umepokea mzigo wa kusimama mara nne kutoka kilomita 160, ingawa hukuwahi kuzidi 60 na mke wako alikuwa amelala kiti cha pembeni. Upepo na tairi zinakula kama theluthi moja ya mzigo huo kwa mwendo wa 60. Ukishusha gia, injini inakula sehemu kubwa ya kilichobaki. Ukiacha gia kubwa na kuburuza breki njia nzima, kila kilichobaki kinaingia kwenye diski.

Na kuburuza kuna ubaya wa pekee. Kituo kimoja kikali kinaichoma diski kwa sekunde nne kisha inapoa. Kuburuza kwa dakika kadhaa kunalipa joto muda wa kutambaa: kutoka diski kwenda pedi, kutoka pedi kwenda pistoni, kutoka pistoni kwenda kwenye mafuta ya breki. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unaenda mpaka sakafuni bila kitu.

Breki hufa kwa namna mbili tofauti, na dereva anayezijua tofauti zake anaweza kuokoka. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu na juu, unasukuma kwa nguvu zako zote ila gari halipungui, na unasikia harufu kali inayokwama kooni. Mafuta yakichemka, pedali inalegea na kuzama. Ukipampu haraka inaweza kurudi kidogo. La kwanza linatibiwa na pedi na diski. La pili linatibiwa na chupa ya nusu lita.

Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya lazima yavumilie angalau digrii 205 kabla ya kuchemka, DOT 4 digrii 230, na DOT 5.1 digrii 260. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira ya hosi na kifuniko cha kikopo. Yakifika asilimia 3.7 ya maji, viwango hivyo vinaruhusiwa kushuka hadi 140, 155 na 180. Soma tena hizo namba. DOT 3 iliyozeeka inachemka kwenye joto ambalo kalipa inalipata mteremkoni bila mbio yoyote. Anayeishi Mombasa au Tanga, ambako hewa yenyewe ni ya mvuke, asisubiri zaidi ya miaka miwili kuyabadilisha. Mafuta ya mashindano yapo yanayovumilia zaidi ya digrii 300 yakiwa mapya, na nusu lita huuzwa kwa kadiri ya dola 25. Kwa maoni yangu hakuna dola 25 nyingine kwenye gari zima zinazofanya kazi kubwa kama hiyo. DOT 5, isiyo na nukta moja mwishoni, ni jamii nyingine kabisa, ya silikoni. Usiichanganye na hizi.

Tulipofika hapo tulipanga fedha. Nilihesabu dola moja kwa shilingi 130, kwa bei nilizozoea kuziona kwa wauzaji wa nje. Chupa mbili za mafuta ya breki, dola 50. Pedi nzuri za barabarani zinazovumilia joto, mbele na nyuma, dola 270. Jozi ya diski mpya za mbele za ukubwa ule ule, zisizo na matundu ya urembo, dola 150. Hosi zilizosukwa kwa waya wa chuma, ambazo hazivimbi ukikanyaga, dola 130. Jumla dola 600, yaani shilingi 78,000. Niliongeza theluthi moja kwa nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16, tukafika 104,000. Tairi nne nikaziwekea 80,000. Jumla 184,000.

Kisha nikaihesabu ile seti nyekundu kwa mizani ile ile. Dola 4,000 ni 520,000. Pamoja na theluthi ile ni 693,000. Kijana alikaa kimya. Laki tano zake zilikuwa zimepungukiwa karibu laki mbili kabla seti haijatoka bandarini. Na haikuwa imekwisha: diski kubwa hiyo haiingii ndani ya rimu za inchi 16, kwa hiyo zingehitajika rimu nne za 17, na hata za 17 si zote zinazopita juu ya kalipa pana, kisha tairi nne za kuzivika. Tairi zake za miaka saba zingebaki barabarani mwaka mwingine mzima kwa sababu fedha imeishia kwenye kalipa. Hilo ndilo lililoniuma. Gari lingependeza zaidi na kusimama mita zile zile 49.

Ipo njia ya kati ambayo vijana wa Subaru wanaijua: kalipa za Brembo zilizotumika, zilizotolewa kwenye STI iliyovunjwa Japani. Seti ya mbele na nyuma niliyozoea kuiona huanzia dola 800 mpaka 1,500, kabla ya nauli. Ni chuma kizuri, na pedi zake zinapatikana. Lakini tahadhari zake ni nyingi, na moja niliilipia mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua jozi ya diski za milimita 326 kwa ajili ya WRX yangu kwenye duka moja la spea. Muuzaji alinihakikishia kwamba "ya STI ni ya STI". Nilizibeba mpaka gereji, fundi akafungua gurudumu, akaweka diski kwenye habu, akaizungusha kushoto, akaizungusha kulia. Tundu moja lilipokubali, manne yalikataa. Kuanzia 2005, STI ilihamia duara la boliti la milimita 114.3, WRX yangu ilikuwa na la 100. Milimita 14.3, na duka likakataa kuzipokea. Zimekaa stoo tangu siku hiyo. Nyuma kuna mtego mwingine: breki ya mkono ya STI ni ngoma ndogo ya milimita 190 ndani ya diski, wakati ya WRX ni 170. Ukifunga diski ya STI nyuma bila kulijua hilo, viatu vya breki ya mkono haviufikii ukuta wa ngoma, na gari halishiki kwenye kilima hata uivute mpaka mwisho.

Lipo na la mizani. Ukiweka kalipa zenye pistoni kubwa mbele tu, masta silinda ile ile lazima isukume mafuta mengi zaidi, pedali inakuwa ndefu, na mbele kunafanya kazi kubwa kuliko watengenezaji walivyopanga. Magurudumu ya mbele yanawahi kujifunga na ya nyuma yanabaki yakitembea tu. Watu wamefunga seti za gharama na kuongeza urefu wa kusimama kwa njia hii. Anayeuza seti iliyopimwa kwa gari lako hasa anauza hesabu hiyo, na sehemu ya bei yake ni haki.

Kuhusu pedi nina neno moja. Pedi za mashindano zinazofanya kazi kwenye digrii 700 ni hatari asubuhi ya baridi Limuru; zikiwa hazijapata joto hazishiki. Kwa gari la barabarani chagua zinazoanza kushika zikiwa baridi na kufika kama 500. Kwenye boksi tafuta alama ya R90, kanuni ya Ulaya inayotaka pedi ya kubadilisha isitofautiane na ya awali kwa zaidi ya asilimia 15. Boksi lisilo na maandishi yoyote zaidi ya picha ya gari jekundu liache dukani, hata kama ni nusu bei.

Kwa anayetaka kujua ngazi inafika wapi, Porsche huuza diski za kaboni na kauri kama nyongeza kwenye 911 kwa maelfu ya dola, na uzito wake ni kama nusu ya diski za chuma. Mwaka 2018 Bugatti walichapisha kalipa ya titani kwa leza, tabaka 2,213 kwa saa 45, ikapima kilo 2.9 badala ya 4.9 za aluminiamu. Ni kazi za kupendeza. Fizikia yake ni ile ile ya Impreza ya jirani: kilojuli zimeingia, zitoke wapi.

Jumamosi mbili baadaye mzigo wa ule mpango wa shilingi 184,000 ulifika, tukaenda kwa fundi. Alifunga hosi, diski na pedi, kisha akalala chini ya gurudumu la nyuma na mpira mwembamba umeingia kwenye chupa ya maji, mimi nikiwa kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo."

Kilichotoka kilikuwa na rangi ya kahawa tungu, na vipovu vidogo vidogo vikakimbia juu ya mpira. Kijana aliinama akatazama. Hakuna aliyejua mafuta yale yaliwekwa lini, huenda yalikuja na gari kutoka Japani. Iliingia chupa ya kwanza, ikaingia ya pili, mpaka kilichotoka kikawa na rangi ya chai isiyokolea, bila povu. Tairi zilikuwa zimefungwa asubuhi ile. Barabarani, mahali pa wazi, tulipunguza mwendo taratibu mara kumi kutoka 60 kuzizoeza pedi, bila kusimama kabisa katikati, ili pedi moto zisiache alama kwenye diski.

Kisha tukateremka Mai Mahiu. Kijana aliendesha, gia ya tatu, injini ikiimba, mguu ukigusa breki kwa ufupi na kuachia. Karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942 alivuta pembeni. Nilimwambia akanyage kwa nguvu na ashikilie. Pedali ilisimama palepale iliposimama juu ya mteremko. Alitoa simu, akaitafuta ile picha ya kalipa nyekundu, akaitazama kidogo, kisha akaniuliza rimu za inchi 17 zenye duara la milimita 100 zinauzwa wapi.